Kupima mradi wa shule: hesabu shule kabla ya wanafunzi

Anayetaka kujua kama dawa za minyoo, uji wa shuleni au mafunzo ya walimu yanawasaidia watoto, mara nyingi huanza kwa kuuliza apime wanafunzi wangapi. Aulize kwanza shule ngapi. Watoto wa shule moja wana walimu walewale na maji ya kisima kilekile, kwa hiyo matokeo yao hufanana. Mfanano huo hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Kwenye alama za mitihani si ajabu kukuta 0.2.

Chukua idadi ya wanafunzi unaowapima kila shule, toa 1, zidisha kwa namba hiyo ya mfanano, kisha jumlisha 1. Kwa wanafunzi 20 unapata 4.8. Gawanya wanafunzi wote kwa jibu hilo: wanafunzi 1,000 wa shule 50 wana uzito wa wanafunzi 208 hivi waliochaguliwa mmoja mmoja bila kufuata shule. Ukipima 40 kila shule unafika 227 tu, na fedha zimekwisha. Ukibaki na wanafunzi 20 kila shule na kuongeza shule ziwe 100, unapata 417.

Shule zitakazoanza kupata mradi, huku nyingine zikisubiri ili zilinganishwe nazo, zichaguliwe kwa kura ya bahati nasibu, mbele ya walimu wakuu wote, baada ya kukusanya takwimu za awali. Usimwachie mtu achague, hata kwa nia njema. Nchini Kenya, kulinganisha tu shule zenye chati za ukutani na zisizo nazo kulionyesha kwamba chati zinapandisha alama. Zilipogawanywa kwa kura, faida ile haikuonekana.

Na kura ipigwe kwa shule nzima pale ugonjwa unapoambukiza. Kule Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia dawa za minyoo katika shule 75 kuanzia 1998. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, hukaa kwenye udongo, humpata mwingine; mtoto akitibiwa, jirani yake ambaye hakumeza kidonge naye hunufaika. Kura ya mtoto mmoja mmoja ingeificha faida hiyo. Katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo.

Mahudhurio usiyatoe kwenye daftari la shule, hasa pale ruzuku inapofuata idadi ya wanafunzi. Nenda bila taarifa, hesabu vichwa darasani. Mtihani nao usiwe wa darasa lao pekee: wengi wakipata sifuri, hutaona aliyetoka kutojua herufi akaweza kusoma neno. Panga ngazi: herufi, neno, aya, hadithi.

Kinachoharibu tafiti nyingi nzuri ni watoto wanaopotea kabla ya kipimo cha mwisho. Waliohama au kuacha shule si sawa na waliobaki, na upande mmoja ukipoteza zaidi, ulinganisho umevunjika. Andika mapema simu za mzazi, jirani na ndugu wa mbali. Ukishindwa kuwafuata wote, wapigie kura waliokosekana, chagua robo yao, uwatafute hao mpaka majumbani, kisha kila aliyepatikana umhesabu mara nne. Bajeti ya kazi hiyo itengwe kabla mradi haujaanza.