Hewa Baridi kwa Datsun 240Z: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu gari moja, Datsun 240Z, na jambo moja: namna ya kuipatia injini yake hewa baridi. Sishangai. Gari hili lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, likashinda tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Ukilitaja mbele ya mzee aliyewahi kusimama kando ya barabara enzi zile, atakuonyesha kwa mkono lilivyopita. Zilizobaki ni chache, na kila moja inastahili fundi anayefikiri kabla ya kushika msumeno. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye swali la kwanza, maana mengine yote yanalitegemea.

Fundi, habari za kazi. Nimeshauriwa nitoe kasha la chujio la hewa la kiwandani, nifunge machujio mawili ya koni, moja kwa kila kabureta. Je, hiyo ndiyo hewa baridi? (Nakuru)

Nzuri, ndugu yangu. Hapana, hiyo siyo. Hiyo ni hewa ya moto yenye mlio mtamu.

Tazama injini yenyewe. Ni L24, silinda sita za mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Kichwa chake kinaingiza hewa na kutoa moshi upande uleule. Matokeo yake kabureta zote mbili, zinazochanganya petroli na hewa, zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda, kama sufuria juu ya jiko. Ukiacha koni wazi mahali hapo, zinavuta hewa iliyokwisha pashwa moto na ekzosi, na tena imepita kwenye rejeta kabla ya hapo. Chini ya boneti hewa hufika nyuzi 60 kwa urahisi, hasa kwenye foleni. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 ina uzito wa takriban kilo 1.2, ikifika nyuzi 60 inabaki kama kilo 1.06. Hiyo ni pungufu ya asilimia 12 ya hewa ambayo injini ingeitumia kuchoma petroli.

Usidhani basi kwamba utapata asilimia 12 ya nguvu. Kwa hesabu wanazotumia wahandisi kusahihisha vipimo vya nguvu, kushusha joto la hewa kwa nyuzi 20 hadi 30 kunakupa kama asilimia 3 hadi 5. Kwa gari lililotangazwa kuwa na nguvu za farasi 151, hizo ni farasi 5 hadi 7 hivi. Si haba kwa kazi ya bati na riveti, lakini mtu akikuahidi farasi 20, mwache aende zake.

Kuna sababu nyingine ya kulipenda lile kasha la kiwandani. Bati lake la nyuma lina midomo iliyopinda vizuri, ambayo hupokea hewa na kuiingiza kwenye kabureta bila kuivuruga. Koni za bei rahisi huishia kwenye ukingo mkali, na hewa inapogonga ukingo huo inajikunja. Halafu kabureta hizi za Hitachi zimefuata muundo wa SU, kabureta za Kiingereza zenye pistoni inayopanda na kushuka: usoni pake, pale chujio linapofungwa, kuna matundu madogo ya kupitisha hewa chini ya pistoni ya kabureta. Nimeona gasketi za kukata kwa mkono zikiyaziba matundu hayo, na mwenye gari akamaliza mwezi mzima akibadilisha plagi na koili huku pistoni inashindwa kupanda. Kuna pia mipira, yaani mirija laini, ya kupumua ya vibakuli vya petroli vya kabureta inayoingia kwenye kasha. Ukilitoa kasha ukaiacha mipira hiyo inaning'inia, vibakuli vinapumua hewa yenye mgandamizo tofauti na ile ya mdomo wa kabureta, na mchanganyiko wa petroli na hewa unayumba.

Ushauri wangu: bakiza kasha. Safisha, badilisha kipengele cha karatasi, kisha peleka bomba kutoka mbele ya gari hadi kwenye mdomo wa kasha hilo. Kama kasha limeoza, tengeneza jipya la alumini ya milimita 1.5, lakini midomo iliyopinda, matundu na mipira ya kupumua lazima virudi mahali pake. Kisha weka bati la kuzuia joto kati ya kabureta na ekzosi. Lile la kiwandani mara nyingi limeshatupwa na fundi aliyeona linamzuia kufikia nati. Lirudishe kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Bomba la inchi mbili litatosha? Nina vipande vya bomba la plastiki la maji vilivyobaki ujenzini. (Dar es Salaam)

Halitoshi, na plastiki hiyo iache kwenye ujenzi. Injini hii ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta takriban mita 6 za ujazo za hewa kila dakika. Kwenye bomba la milimita 50 hewa hiyo inapita kwa kasi ya mita 51 hivi kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 75 inapita kwa mita 23. Ukinzani hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukinzani wa bomba jembamba ni kama mara tano ya ule wa bomba pana. Tumia la milimita 75. Pale ambapo nafasi inabana, tumia la mviringo bapa, ila eneo la ndani lisipungue.

Plastiki ya mabomba ya maji huanza kulegea kwenye nyuzi 80 au chini kidogo, na manifoldi ya ekzosi haikosi joto hilo. Chukua alumini nyembamba, unganisha kwa vipande vifupi vya mpira na klipu, maana injini inatikisika na mwili wa gari hautikisiki pamoja nayo. Mabomba ya kujikunja yenye mikunjo ndani yatumie kwa kipande kifupi tu. Na tafadhali usizibe viungo vya upande wa kabureta kwa silikoni ya kawaida; petroli huifanya ivimbe, ikabanduka, na kinachobanduka huvutwa ndani.

Mdomo wa bomba niuweke wapi? Rafiki yangu anataka tutoboe boneti, anasema gari likikimbia hewa itajisukuma yenyewe. (Mombasa)

Msitoboe boneti ya Z! Kwa kilomita 100 kwa saa, msukumo wote wa upepo ni kama nusu ya asilimia moja ya mgandamizo wa hewa. Hamtausikia mguuni. Faida ipo kwenye joto la hewa.

Pitisheni bomba pembeni mwa rejeta, upande wa kabureta, mdomo utokee mbele ya ukuta unaoishika rejeta. Juu ya usawa wa bampa, siyo chini yake. Mvua za masika zikijaa barabarani, mdomo wa chini unakunywa maji, na maji hayabanwi ndani ya silinda: fimbo ya pistoni ndiyo inayopinda. Toboeni kitundu cha milimita 5 kwenye kona ya chini kabisa ya bomba ili matone yatoke. Mkiishi kwenye vumbi, mdomo utazame pembeni badala ya mbele.

Shikamoo fundi. Je, hewa baridi itarudisha nguvu ambazo gari langu linapoteza hapa Nairobi? (Nairobi)

Marahaba. Sehemu ndogo tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya Mombasa. Bomba haliwezi kufidia mwinuko. Unachoweza kufanya ni kurekebisha mchanganyiko, maana kabureta iliyopimwa Pwani itamwaga petroli nyingi mno huko kwenu. Nati iliyo chini ya kabureta, ukiipandisha kidogo kidogo, petroli inapungua. Nati za kabureta zote mbili ziende sawasawa.

Huku Muscat kiangazi ni nyuzi 45 kivulini. Nikizima gari dakika kumi haliwaki tena. Hewa baridi itasaidia? (Muscat)

Tatizo lako si nguvu, ni petroli kuchemka. Sehemu nyepesi za petroli huanza kugeuka mvuke kabla hata ya nyuzi 40, na gari likisimama joto la ekzosi linapanda moja kwa moja kwenye vibakuli. Bomba la hewa halifanyi kazi injini ikiwa imezimwa. Anza na bati la kuzuia joto, kisha hakikisha vile vitalu vinene vya kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi bado vipo, na bomba la petroli lifunike kwa soksi ya kuhimili moto. Ekzosi ikifungwa utepe wa joto, nayo inasaidia. Ukifika nyumbani fungua boneti. Baada ya hayo ndipo ufunge bomba la hewa.

Nimeshamaliza kufunga. Nitajuaje kama imefanya kazi? (Arusha)

Nunua kipimajoto cha waya chenye ncha mbili, chomeka ncha moja ndani ya kasha la chujio, ncha ya pili uiweke mbele ya gari. Endesha kwa mwendo wa kawaida hadi namba zitulie. Tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, kazi ni nzuri. Ikiwa 25, kuna mahali kasha linavuta hewa ya chini ya boneti; tafuta kwenye viungo na ukingo wa kifuniko. Kisha toa plagi zote sita. Hewa nzito zaidi huufanya mchanganyiko upungukiwe petroli, kwa hiyo ukiona ncha nyeupe, shusha nati za kabureta kidogo, uendeshe, utazame tena hadi zipate rangi ya kahawia.