Jibu: Kuacha prednisoloni baada ya vipimo vya ini kuwa sawa

Pole sana, dada. Umeuliza kama unaweza kuacha prednisoloni, steroidi unayotumia kwa homa ya ini ya kingamwili (kinga ya mwili kulishambulia ini), kwa kuwa vipimo vya ini vimerudi sawa na uso umekuvimba. Tafadhali usiikate ghafla. Ukishaitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili unaihitaji, na ukiacha kwa mkupuo unaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikashuka hadi ukazimia. Dozi hushushwa kidogo kidogo, tena kwa mpango wa daktari.

Halafu, ALT na AST (vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu) kuwa sawa si uthibitisho kwamba ini limetulia. Uvimbe wa ndani huchelewa kuisha kuliko damu inavyoonyesha, ndiyo maana madaktari hutaka vipimo, IgG (aina ya kingamwili kwenye damu) ikiwemo, vikae sawa angalau miaka 2 kabla ya kujaribu kuacha dawa zote. Hata hapo wengi ugonjwa huwarudia.

Uso wa mviringo najua unavyoumiza moyo, nami ulinipata. Wangu ulipungua dozi iliposhuka. Muulize daktari kuhusu azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo mara nyingi ndiyo inayowezesha steroidi kupunguzwa. Utapimwa damu mara kwa mara, kwani inaweza kushusha chembe nyeupe. Ukiwahi kuandikiwa alopurinoli ya gauti, sema mapema kwamba unatumia azathioprini. Zikikutana ni hatari.

Uliza pia kuhusu kalisi na vitamini D, maana steroidi hudhoofisha mifupa. Dawa za mitishamba za “kusafisha ini” achana nazo kabisa. Macho yakiwa ya njano, nenda hospitali siku hiyo hiyo.