Mwaloni hupukutika au hupukutisha majani?

Swali: Katika maelezo kuhusu misitu ya kanda za halijoto ya wastani niliandika, “Mialoni hupukutika majani kabla ya majira ya baridi, na dubu zake hulala.” Mhariri akageuza “hupukutika” kuwa “hupukutisha”. Je, nilikosea?

Jibu: Kisarufi hukukosea. Tunasema “mtoto amevunjika mkono”, na vivyo hivyo “mti umepukutika majani”: mwenye kiungo ndiye kiima, kiungo kinafuata bila kihusishi. Lakini muundo huu unaeleza yaliyoupata mti tu. Aliyeyasababisha hatajwi, huenda ni upepo, huenda ni viwavi.

Ndiyo maana namuunga mkono mhariri. Siku zinapofupika na baridi kuingia, kwenye shina la kikonyo cha jani hujengeka tabaka la seli linalolitenga jani na tawi. Maji hayapiti tena, na jani huanguka hata pakiwa shwari kabisa. Mti wenyewe ndio unaoliacha, usije ukapoteza maji wakati mizizi haiwezi kuyafyonza kwenye udongo ulioganda. Tendo hilo linadai kauli ya kutendesha: mti hupukutisha, majani hupukutika.

Usiweke “hunyauka” wala “hukauka” mahali pake. Jani lililonyauka limelegea kwa kukosa maji na huenda likainuka mti ukinyweshwa, lililokauka limekufa. Mialoni michanga mara nyingi hukaa na majani makavu matawini hadi majira ya kuchipua. Hayo yamekauka, hayajapukutika.

Ukifika kwenye misonobari, epuka “haipukutishi majani”. Sindano zake huishi miaka kadhaa kisha hudondoka kwa zamu, mpya zikiwa zimekwishaota. Sema “haipukutishi majani yote kwa wakati mmoja”.

Kosa lenyewe liko kwingine, na mhariri kaliruka: “dubu zake”. Dubu ni mnyama, upatanisho wake ni wa A-WA, kwa hiyo “dubu wake”. Hata hivyo, “wake” ikija baada ya “mialoni”, msomaji atadhani dubu ni wa mialoni. Tena “hulala” peke yake hudokeza usingizi wa kila siku. Ningeandika: “Mialoni hupukutisha majani kabla ya majira ya baridi, na dubu wa misitu hiyo huingia katika usingizi wa miezi kadhaa.”