Jibu: Kaacha olanzapini ghafla, sasa halali

Habari ndugu. Umesema kaka yako aliacha olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, ghafla siku nne zilizopita kwa kuchoshwa na unene, sasa halali, anatoka jasho, kichefuchefu hakimwishi, na unauliza kama ugonjwa umerudi.

Huenda ni mwili kukosa dawa tu. Nami nilikosea hivyohivyo: usiku wa tatu nilizunguka sebuleni hadi alfajiri, fulana imelowa chepechepe. Angalia kwanza: anasikia sauti? Anashuku watu? Anazungumzia kufa? Kama ndiyo, hospitali sasa hivi. Kama siyo, bado mpigieni daktari wake leo. Mimi nilirudishiwa dozi, kisha ikapunguzwa polepole kwa miezi. Hatua za mwisho ndizo zilizonitesa, ikabidi ziwe ndogo zaidi. Viwango sikutajii, hivyo ni vya daktari.

Unene nao asiuonee aibu, aseme. Apimwe sukari, na zipo dawa nyingine zisizonenepesha sana. Mtazame pia mdomo: akitafunatafuna bila chakula au ulimi ukitoka wenyewe, daktari ajue mapema.

Ingekuwa klozapini, dawa nyingine ya akili ambayo kuiacha ghafla ni hatari zaidi, ningekuambia kimbieni hospitali tu.