Kompyuta inajizima taa zikififia? Pima umeme kwanza kabla hujanunua stabilaiza

Mkuu, umesema deskitopu yako inajizima na kujiwasha kila jioni friji likianza kunguruma na taa zikififia, unataka kujua ununue stabilaiza (kiboksi cha kusawazisha umeme) au UPS (kiboksi chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika). Mimi naona usinunue chochote kwanza. Tafuta multimita, yaani kipimo cha umeme, hata ile ya bei chee ya Kariakoo, upime soketi ya hiyo kompyuta mchana halafu upime tena saa mbili usiku watu wakiwa wamewasha pasi na majiko. Kwa Tanzania inatakiwa isome karibu na volti 230, nilivyokuwa nimepanga Mbagala nyumba ilikuwa mwisho kabisa wa laini, usiku inashuka mpaka 165 na mchana inarudi vizuri tu. Sasa huo ni umeme mdogo, dawa yake sio sawa na ya umeme unaorudi kwa kishindo.

Halafu angalia waya za ndani, hapa ndo watu wanaparuka. Nyumba niliyohamia baadae taa ya sebuleni ilikuwa inapepesa kila ukiwasha hita ya maji, mwenye nyumba analaumu transfoma, fundi kufungua meni swichi tukakuta skrubu ya nyutro (waya wa kurudisha umeme) imelegea, waya umekuwa mweusi na plastiki imeyeyuka mpaka inanuka, akakata kipande kilichoungua akakaza upya, kupepesa kukaisha siku hiyo hiyo bila kununua kiboksi chochote. Hiyo kazi ni ya fundi, wewe usitie mkono. Na ikiachia nyutro ya kule nguzoni ndo balaa lenyewe, kwako taa zinang'aa kupita kiasi kwa jirani zimefifia, soketi inaweza kupanda ikakaribia volti 400. Ukiona hivyo zima meni swichi hapo hapo ndo upige simu emajensi ya shirika la umeme.

Haya, tuseme waya ziko poa na tatizo ni umeme mdogo. UPS nyingi za nyumbani zina uwezo wa kupandisha umeme kidogo, ila ukishuka sana inakimbilia kwenye betri, na kama kila usiku iko kwenye betri basi ile betri ndogo ya volti 12 haichukui muda inakufa, utabaki na kiboksi kinapiga kelele tu. Kwa hali hiyo weka stabilaiza inayokubali umeme wa chini sana (soma ubavuni imeandikwa inaanzia volti ngapi) halafu UPS ndo ichomekwe kwenye stabilaiza. Stabilaiza peke yake haitoshi maana ile tak tak unayosikia ni rilei (swichi za ndani yake) zinabadilisha, ziko taratibu, kishindo kinakuwa kishapita, na umeme ukikatika ghafla diski inazimika katikati ya kuandika.

UPS ya 650VA usidhani ni wati 650, nyingi ziko kwenye 360 hivi, kwahiyo chomeka kompyuta, monita na ruta basi. Printa ya leza usithubutu, ikipasha moto tu UPS inalia.

Wenye laptop wasihangaike na stabilaiza, angalia chaja imeandikwa 100-240V, umeme mdogo hauiumizi. Kinachoua chaja ni ule mshtuko umeme unaporudi, kwahiyo ukikatika chomoa, subiri ukirudi utulie dakika chache ndo uchomeke. Kama ni mvivu wa kuchomoa nunua gadi zile za friji au tivi, zinakata zenyewe umeme ukizidi au ukipungua na zinasubiri kabla ya kuachia.

Zile ekstensheni zenye taa nyekundu zimeandikwa zinazuia mshtuko, nyingi ni kopi, na hata orijino zinategemea sana ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Nenda nje angalia kama ile fito ya ardhini ipo na waya wake haujakatwa na wauza skrepa, mtaani kwetu imetokea sana hiyo. Radi nayo haina cha UPS wala nini, wingu likianza kunguruma chomoa kila kitu pamoja na waya wa intaneti unaoingia kwenye ruta na wa antena, radi inapitaga huko pia.

Pima kesho usiku uweke namba hapa, na utaje pawa saplai (kile kiboksi cha ndani ya kompyuta kinachoigawia umeme) ni ya wati ngapi na kama ina kile kiswichi chekundu cha 115/230 kwa nyuma. Kama kipo usikiguse. Zile za zamani zenye hicho kiswichi hazivumilii umeme kushuka, inawezekana ukabadilisha pawa saplai tu yakaisha.