Waya wa ethi wa trekta: pima shaba, usipime mpira

SWALI: Trekta langu la zamani linatumia betri ya volti 6, na upande wa chanya ndio uliofungwa ethi, yaani kwenye bodi ya chuma. Waya wa ethi ulikatika, nikafunga wa gari dogo. Sasa stata inazunguka kwa unyonge na waya unapata moto, ingawa betri ina chaji. Kwa macho, waya mpya ni mnene kuliko ule wa zamani. Ninunue upi?

JIBU: Unene unaouona ni wa mpira. Menya ncha kidogo kwa kisu uone kilichomo ndani. Waya wa gari dogo mara nyingi una shaba ya milimita za mraba 16 hadi 25 tu. Kwaruza na nyuzi zenyewe pia. Zikitoa weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, irudishe dukani.

Betri ya volti 6 inahitaji ampea mara mbili ya ile ya volti 12 ili kufanya kazi ileile. Tuseme stata inavuta ampea 250: mita moja ya waya wa 16 inapoteza karibu volti 0.27, na wa 50 haifiki 0.09. Kwenye volti 6 huo upotevu unauma. Nunua wa 50, au 70 ukiwa mrefu, na uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Ule mkanda wa shaba uliosukwa, usio na mpira, nao unafaa; hauna hatari ya shoti kwa kuwa ni upande wa bodi, ila asidi huutafuna mapema.

Terminali, yaani kibanio cha waya kinachoshika ncha ya betri, nayo iangalie. Ncha chanya ya betri ni nene kuliko hasi, na terminali nyingi za waya wa ethi zimetengenezwa kwa hasi. Nimeona watu wakiigonga kwa nyundo mpaka iingie, betri ikapasuka. Agiza ya chanya.

Upande wa pili usiufunge kwenye kibati cha kubebea betri. Funga kwenye boliti ya stata au ya gia boksi, ukisugua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha upake grisi juu baada ya kukaza. (Kwa gari ni tofauti: injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima uwepo waya kati yake na chesisi. Usipokuwepo, umeme hupita kwenye kebo ya klachi na kuiunguza.)

Ukimaliza, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja ya mita juu ya ncha ya chanya ya betri yenyewe, si terminali, nyingine kwenye injini, mtu apige stata. Ikizidi 0.2, sogeza ncha ya mita kutoka kiungo hadi kiungo; namba itakaporuka ndipo penye uchafu.

Unapofungua, anza na ethi, hata kama ni chanya. Unapofunga, iwe ya mwisho.