Mama kwanza, vifaa vya mate baadaye

Mkuu mleta uzi, usilipie hivyo vifaa. Nimesoma ulichoandika: vijana wa kuchimba mchanga wamekuta mifupa korongoni huko Chamwino, mkanda na raba vinafanana na vya kaka yako aliyepotea 2014, na sasa wewe na binamu zako mnachanga hela muagize vifaa vya kutemea mate kutoka Marekani, kwa sababu mmeona video ya wale wanaotambua maiti za zamani kwa kufuatilia ukoo kwenye vinasaba. Halafu katikati umepenyeza sentensi moja kama haina uzito: mama yuko Manyoni, sukari inamsumbua, hamtaki kumpa presha. Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike.

Mpeni hiyo presha. Wiki hii hii.

Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa malori ya Iringa, akapotea. Miaka ikapita, mabaki yakapatikana upande wa Mtera, polisi wakatuita. Mama yake mzazi, bibi yetu, alikuwa hai pale Mvumi, akili timamu, kila asubuhi yuko barazani anachambua mlenda. Shemeji akatuletea jamaa eti mtaalamu wa vinasaba, ana laptop na maneno mengi. Akatuuzia vifaa, wajukuu tukapanga foleni tukatema mate. Bibi akafuta mikono kwenye khanga, akasogea, akamuuliza, "Na mimi je, baba? Si mimi niliyemzaa?" Yule bwana akamwambia vinasaba vya mzee vimeshachoka, havisomeki. Akafunga begi lake. Na sisi tuliosoma tukanyamaza.

Mpaka leo nikikumbuka lile jibu nashikwa na hasira. Mtu anakuuzia ndoto ya kusoma mfupa uliopigwa jua la Mtera miaka na miaka, halafu anakwambia shavu la mwanamke aliye hai halisomeki! Ni uongo mtupu. Pamba ikisuguliwa ndani ya shavu la bibi wa miaka 90 inatoa vinasaba vya kutosha kabisa. Kinachooza ni mfupa, hasa kwenye joto na unyevu, na ndiyo maana mnahitaji ndugu wa karibu kuliko wote wa kulinganisha naye.

Majibu ya mate yalipokuja yalikuwa ramani yenye rangi, asilimia za Afrika Mashariki, na orodha ya watu wa ughaibuni ambao kampuni inadai tuna undugu nao wa mbali. Baba mdogo hayumo. Angekuwemo vipi? Mifupa yake ilikuwa bado kwenye boksi la ushahidi, haijasomwa, haijaingizwa popote. Ni sawa na kwenda mnadani Msalato kumtafuta mbuzi wako wakati bado yuko porini. Zile kampuni za mate hata mfupa hazipokei, kazi ya mfupa ni ya maabara nyingine kabisa.

Tukiwa bado tunazishangaa zile rangi, bibi akaugua kifua, akafariki, tukamzika. Mpelelezi aliyefuata, kijana mwenye adabu, akafungua jalada na swali lake la kwanza likawa, "Mama wa marehemu yupo?" Ofisi nzima ikawa kimya.

Bibi alikuwa mke wa pili, na watoto wake wengine walikufa wadogo. Waliobaki, akiwemo baba yangu, ni watoto wa bibi mkubwa: baba mmoja, mama tofauti. Wakachukuliwa sampuli. Mfupa ulitoa vinasaba nusunusu, na jibu likarudi kwamba undugu hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kufukua kaburi la bibi kulihitaji amri ya mahakama, na wazee wa ukoo hawakutaka hata kusikia. Yale mabaki yamezikwa kwa namba. Sisi wa Dodoma tunaokumbuka ajali ya treni ya Igandu, Juni 24, 2002, tunajua uchungu wa kuzika watu bila majina. Baba mdogo yeye hakufa kwenye msiba wa taifa. Alikuwa na mama aliyesogea mwenyewe kutoa shavu, akakataliwa.

Sasa sikiliza kwa nini ni mama. Mtoto anachukua nusu ya vinasaba vyake kwa mama, kwa hiyo maabara ya kawaida, inayosoma maeneo ishirini hivi tu ya vinasaba, ikiwa na mama na mfupa wenye hali nzuri inaweza kutoa jibu lenye nguvu. Wale wa kwenye video wanasoma maeneo laki kadhaa na kupima undugu kwa sentimogani, yaani kipimo cha vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wanashirikiana. Mama na mwana wanashirikiana takribani 3,400, ndugu wa baba mmoja wako kwenye 1,700 hivi, kiwango kilekile cha mjomba au babu, na binamu wa tatu wanabaki na wastani wa 70 hivi. Ukishuka huko lazima ujenge miti ya koo, usome vyeti vya zamani, ubahatishe majina. Marekani wanafanikiwa kwa sababu hazina za vinasaba za mtandaoni kama GEDmatch zina watu wengi, na wengi wao asili yao ni Ulaya. Mgogo au Mrangi atakutana na nani humo?

Na hata huko kwao, angalieni kesi ya Marcia King. Alikutwa ameuawa Ohio, Aprili 1981, akakaa bila jina miaka 37 mpaka DNA Doe Project, kikundi kinachotafuta majina ya maiti zisizojulikana, walipompata 2018 kupitia ndugu aliyekuwa kwenye GEDmatch. Muda wote huo mama yake alikuwa hai, hakubadilisha namba ya simu, akitumaini binti atapiga. Lile shavu lilikuwepo siku zote, hakuna aliyejua wa kumuuliza.

Kwa hiyo nendeni polisi, hakikisheni taarifa ya kupotea kwa kaka ina RB (namba ya taarifa ya polisi) na imeunganishwa na jalada la mifupa. Mwambieni mpelelezi kwa sauti kwamba mama mzazi yupo hai, ni mgonjwa, na mnaomba achukuliwe sampuli mapema, hukohuko Manyoni ikiwezekana. Msijichukulie wenyewe nyumbani. Kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya 2009 na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Mifupa yenyewe msiishike, msiioshe, na mjomba asithubutu kuizika eti apumzike.

Kama mama hawezi kabisa, mama mdogo wa tumbo moja naye anafaa, kwa sababu vinasaba vya mitokondria, vijisehemu vilivyo ndani ya seli, mtoto anavirithi kwa mama yake. Peke yake hatoshi kuthibitisha, ila anasaidia. Na mwambieni mtaalamu ukweli wa nyumba yenu, nani wa mama yupi na baba yupi, hata lile linalofichwa kwenye vikao vya ukoo. Ukimficha, hesabu yake inaharibika.

Umeuliza pia gharama na suala la matanga, wengine watakujibu. Mimi nataka kujua jambo moja tu: kutoka ulipo hadi Manyoni ni basi la saa ngapi?